Siri si Ushahidi: Hila na Werevu katika Biblia ya Kiswahili

Hoja kwamba katika Biblia afichaye jambo ana nia mbaya ina mvuto mkubwa kwa msomaji wa Kizwite. Kata hiyo imo katika Manispaa ya Sumbawanga, mji ambao jina lake hufasiriwa katika Kifipa kuwa “tupa uchawi”. Na Kiswahili chenyewe humwita mwanga yule aendaye usiku kuroga. Siri, usiku na uovu huwa fungu moja hata kabla Kitabu hakijafunguliwa. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo unaegemea nusu tu ya matini, na kwamba nusu inayoachwa ndiyo imlindayo mtuhumiwa.

Nusu ya kwanza inafahamika vyema. Daudi anaandika barua ya kumwangamiza Uria, kisha anamkabidhi Uria mwenyewe aipeleke (2 Samweli 11). Yuda anatoka mezani usiku (Yohana 13). Anania na Safira wanazuia sehemu ya fedha huku wakijifanya wametoa zote (Matendo 5). Katika visa hivi, maficho yanamfaidi afichaye na kumsaliti aliyemwamini.

Nusu ya pili inakwenda kinyume. Wakunga Shifra na Pua wanamdanganya Farao ili watoto waishi (Kutoka 1). Rahabu anawaficha wapelelezi darini (Yoshua 2), na Waraka kwa Waebrania unamhesabu miongoni mwa watu wa imani. Katika Mathayo 6, sadaka na sala zinazopendeza ni zile zifanywazo sirini, ilhali anayejionyesha ndiye mnafiki.

Msamiati wa tafsiri ya Union ya mwaka 1952 unaudhihirisha utata huo. Nyoka wa Mwanzo 3 ni mwerevu. Mithali 1 nayo inaahidi kuwapa wajinga werevu. Mzizi ni mmoja, kama ulivyo mmoja katika Kiebrania. Neno hila, vivyo hivyo, linamfuata Yakobo: Isaka analitumia kueleza jinsi mbaraka ulivyochukuliwa (Mwanzo 27), na Yesu anamsifu Nathanaeli kuwa Mwisraeli asiye na hila (Yohana 1). Kwa kuwa Israeli ni jina alilopewa Yakobo, matini hizo mbili zinasemezana katika Kiswahili. Mbaraka uliopatikana kwa hila haufutwi, lakini Yakobo naye anadanganywa na Labani usiku wa arusi yake. Masimulizi hayamhukumu kwa tendo la kuficha pekee.

Kisa cha Susana, kilichomo katika Biblia zitumiwazo na Wakatoliki (Danieli 13), kinaligeuza suala hili kuwa kesi. Wazee wawili, waamuzi wa watu, wanajificha bustanini. Susana anapowakataa, wanamshitaki kwamba aliwaondoa wajakazi ili akutane na kijana. Milango iliyofungwa ili aoge inakuwa ushahidi dhidi yake. Danieli anawatenganisha mashahidi na kumwuliza kila mmoja: ni chini ya mti gani? Kila mmoja anataja mti tofauti. Uongo unafichuliwa kwa kuhoji. Dhana iliyotokana na mlango uliofungwa ilikuwa karibu kumwua asiye na hatia.

Hapa ndipo uhakiki unapogusa maisha ya Ufipa. Katika makala yake ya mwaka 1968, Roy Willis alieleza Kamcape, harakati iliyodai kuwafichua wachawi. Ufichuzi wa aina hiyo hauna swali la mti. Kosa hudhaniwa kufanyika gizani, hivyo kutoonekana kwake huhesabiwa kuwa uthibitisho wake. Mzee aishiye peke yake na kufunga mlango mapema hana namna ya kujitetea.

Anayeitumia Biblia kutegemeza mantiki hiyo anasoma kama wale wazee wawili. Matini inamtaka aulize jambo limefichwa dhidi ya nani, nani analipa gharama yake, na mashahidi wanasema nini wakihojiwa mmoja mmoja.