Filamu za Kukaa Nazo Ndani

Kiswahili hakikuwa na uhaba wa maneno ya kukaa ndani kabla ya korona. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mzazi hukaa arubaini. Mwari alikuwa akiwekwa ndani, akafundwa na somo wake mpaka siku ya kutolewa. Abiria na mabaharia waliotoka penye maradhi walikalishwa karantini, na kisiwa cha Changuu, kilichoelekeana na mji wa Unguja, bado kina jengo lililojengwa katika miaka ya 1890 kwa nia ya kuwa jela, likaishia kuwa mahali pa kuwatenga wasafiri. Kila ukaaji wa namna hii ulikuwa na sababu inayojulikana, muda unaohesabika, na mtu wa kuingia na kutoka: mwenye kuleta chakula, mwenye kuleta habari, mwenye kusema siku zimebaki ngapi.

Mwaka 2020 ulileta ukaaji ambao hakuna aliyeweza kuuhesabu muda wake. Uingereza iliwaamuru watu wake wabaki majumbani tarehe 23 Machi. Kenya iliweka amri ya kutotoka usiku kuanzia tarehe 27 ya mwezi huo huo, na mwezi wa Mei Mji wa Kale wa Mombasa ukazuiliwa, asiingie mtu wala asitoke. Tanzania haikuwafungia watu wake majumbani, lakini skuli zilifungwa, na wasafiri waliotoka nchi zenye maradhi walitakiwa kujitenga siku 14. Na hata baada ya amri hizo kuondoshwa, kila maradhi hayo yalipoingia katika nyumba, palikuwa na mtu mmoja chumbani peke yake, sahani imeachwa mlangoni, na mbele yake simu au televisheni. Huyo ndiye mtazamaji anayekusudiwa hapa. Anapouliza atazame nini, haulizi jambo dogo.

Swali hilo zamani hakulazimika kulijibu mwenyewe. Mji wa Unguja ulipokuwa na Majestic, Empire na Cine Afrique, mwenye ukumbi ndiye aliyechagua, na mji ukatazama kilichokuwapo. Palikuwa hata na maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo waliotawa walipata sababu ya kutoka, wakajisitiri, wakenda, wakakutana. Sinema, kwa hiyo, ilikuwa njia ya kutoka nyumbani. Kuifanya kuwa namna ya kubaki nyumbani ni kuigeuza juu chini, na kinachopotea katika kugeuzwa huko si ukubwa wa pazia. Wanaopotea ni watu wa ubavuni: aliyecheka kabla ya wenziwe, aliyemkemea jambazi kwa sauti kana kwamba atasikia, aliyelia akajifuta kwa ncha ya buibui. Basi filamu inayofaa kukaa nayo ndani ni ile inayomrudishia mtazamaji baadhi ya watu hao. Kwa kipimo hicho filamu zilizopendwa zaidi si zote zinazosalimika, na baadhi ya zilizodharauliwa hupanda daraja.

Katika miezi ya mwanzo ya 2020 wengi walilikimbilia lile lile walilokuwa wakiliogopa. Contagion, filamu ya Steven Soderbergh ya mwaka 2011, ilifufuka ikawa miongoni mwa filamu zilizotafutwa mno duniani, miaka tisa baada ya kutolewa. Sababu iko wazi. Hadithi yake ni ya virusi vinavyotoka kwa popo, vikapita kwa nguruwe, vikamwingia mtu kwa kushikana mikono, na hatimaye miji imefungwa na maduka yamevunjwa. Mtunzi wake, Scott Z. Burns, alishauriana na wataalamu wa maradhi ya kuambukiza, na mtazamaji wa 2020 aliona mambo ya dirishani kwake yakitangulizwa na watu wasiomjua.

Hata hivyo, usahihi wa utabiri si ubora wa sanaa, na waliomaliza filamu hiyo wakiwa wamejua tu jinsi virusi vinavyosafiri waliupata upungufu wake wakaikosa tija yake. Sehemu zake za maabara na za wakubwa wa serikali zinakwenda mbio, na kila mtu ndani yake ni kielelezo cha jambo fulani zaidi kuliko kuwa mtu. Ila kuna mambo mawili yanayobaki moyoni. La kwanza ni pale mume, anayechezwa na Matt Damon, anapokataliwa maiti ya mkewe na wenye kazi ya mazishi kwa kuwa wanaogopa kuambukizwa. Kwa jamii inayohesabu kumzika maiti kuwa ni faradhi juu ya wote mpaka wapatikane wa kuitekeleza, hapana tukio la kutisha kuliko hilo katika filamu nzima, na wala halina damu. La pili ni pale mume huyo huyo, baada ya miezi ya kumfungia bintiye asiambukizwe, anapopamba sebule, akaweka muziki, ili binti acheze na kijana aliyekwisha kupata chanjo. Ngoma waliyonyimwa vijana wa mji mzima inachezwa na wawili kati ya makochi. Yeye mwenyewe amejitenga chumbani, ameangukia picha za mkewe katika kamera, ndipo anapolia. Dakika hizo chache zinajua kukaa ndani ni nini. Aliye mzima na aitazame filamu hii kwa ajili yake. Aliye kitandani akihesabu pumzi zake aiache mpaka apone. Mgonjwa hasomewi orodha ya waliokufa kwa ugonjwa wake.

Njia ya pili waliyoishika wengi ni ile inayoitwa ya kusahau, na wanaohakiki filamu wamezoea kuibeza. Katika nyumba nyingi za pwani jibu la wazee lilikuwa la Kihindi: Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, au Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Akili ya haraka husema kwamba mzee anayaona hayo kwa mara ya ishirini ili asifikiri. Lakini nani asahaue kwa kutazama kitu anachokijua neno kwa neno? Mother India si filamu ya kupumbaza: mna njaa, mafuriko na deni lisilolipika, na mwishoni mama anampiga risasi mwana aliyemzaa. Aichaguaye haikimbii dhiki. Anachokifuata ni ukumbi. Kila wimbo kwake una kiti chake na jirani wa kiti hicho, ambaye pengine amekwisha kufa. Filamu ya zamani katika chumba cha karantini hufanya kazi inayofanywa na albamu ya picha, na zaidi ya hapo, kwa kuwa albamu haiimbi. Anayemwona mzazi wake akiirudia Awara asiharakishe kumtafutia kitu kipya. Na akae kando yake, au kama maradhi yamekataza, aitazame saa ile ile katika chumba cha pili, kisha waulizane kupitia mlangoni.

Yako makundi ya tatu ya filamu, na hayo ndiyo yaliyotafutwa kidogo kuliko yanavyostahiki: filamu ambazo mhusika wake mwenyewe amekaa ndani. Iliyo maarufu kupita zote ni Rear Window ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954. Mpiga picha aliyevunjika mguu ameketi katika kiti cha magurudumu kwenye fleti yake ya New York, wakati wa joto, na hana pa kutazama ila madirisha ya majirani. Polepole anaamini kwamba mmoja wao amemuua mkewe. Wengi huitazama kwa ajili ya fumbo hilo la mauaji, na fumbo limeshikwa barabara. Lakini Hitchcock ameweka madirisha mengine ambayo hayana haja nayo. Katika moja wapo yumo mwanamke mpweke anayeandaa meza ya watu wawili, akamkaribisha mgeni asiyekuwapo, akainua gilasi. Baadaye mwanamke huyo huyo ameshika vidonge vya kujiulia, na kinachomzuia ni muziki unaotoka katika nyumba ya mtunzi wa nyimbo aliye jirani naye, ambaye hamjui wala hajui alilolifanya. Na pale mbwa wa jirani anapokutwa ameuawa, mwenyewe anasimama juu akawalaumu wote waliomo katika ua ule kwa kutojali kama mwenzao yu hai au amekufa. Watu wote wanatoka madirishani isipokuwa mmoja, anayevuta sigara gizani. Mwuaji amejulikana kwa kuwa hakuja kutazama.

Humo mna funzo ambalo aliyejitenga hulihitaji. Kuchungulia ni aibu, na filamu haifichi aibu hiyo. Lakini kutokutazama kabisa ni kubaya zaidi. Katika mitaa ya Mji Mkongwe, ambako dirisha hukabili dirisha na mwadhini humfikia hata asiyetaka kuamka, mpaka kati ya jicho la kuudhi na jicho la kujuliana hali ni jambo la kila siku. Rear Window inafaa kutazamwa na mtu ambaye atakapoizima ataangalia kama taa ya jirani imewaka usiku ule kama kawaida yake.

Filamu ya pili katika kundi hili imetoka Iran. Mwezi wa Disemba 2010 Jafar Panahi alihukumiwa kifungo cha miaka sita na kukatazwa kutengeneza filamu kwa miaka 20. Akisubiri jibu la rufaa, ndani ya fleti yake ya Tehran, alimwita mwenziwe Mojtaba Mirtahmasb aje na kamera, na matokeo yake ni This Is Not a Film, yaani Hii Si Filamu, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2011. Panahi anakunywa chai, anampigia simu wakili, anamlisha iguana wake mkubwa anayepanda makabati. Kisha anabandika utepe juu ya zulia kuchora chumba cha hadithi aliyonyimwa ruhusa ya kuipiga picha: ya msichana ambaye wazazi wamemfungia nyumbani asende chuo kikuu. Anaeleza dirisha liko wapi, kitanda kiko wapi. Ghafla anashindwa. Kama filamu ingetosha kusimuliwa kwa mdomo, anauliza, kwa nini itengenezwe?

Sinema imetoa maswali machache yenye uchungu kuliko hilo, na nguvu yake ni kwamba mfungwa anamfikiria mfungwa mwingine. Panahi angeweza kuijaza saa moja na robo kwa malalamiko ya nafsi yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake ameitumia karantini yake kumpimia msichana wa hadithi upana wa chumba. Mwisho wake ni kijana mkusanya taka, anayeteremka kwa lifti ghorofa baada ya ghorofa huku Panahi akimhoji, mpaka langoni, ambako moto wa sikukuu unawaka barabarani na mwenye hukumu haruhusiwi kupita. Huyo kijana wa taka ndiye mwenye kuingia na kutoka, aliyekuwapo katika eda na katika uari.

Msichana wa Panahi anakumbusha kwamba kukaa ndani hakukuwa kugeni kwa kila mtu. Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975, inamfuata mjane wa Brussels kwa siku tatu: anapika, anapangusa, anamenya viazi, anampakulia mwanawe, anawapokea wanaume wanaomlipa, anahesabu senti. Ina dakika 201, na kamera haiondoki jikoni kabla ya kazi kwisha. Mwanamume aliyelalamika mwaka 2020 kwamba wiki tatu za nyumbani zimemtoa akili na aitazame mpaka mwisho, bila ya kuikimbiza. Si filamu ya kuliwaza, na mwisho wake ni wa kutisha. Ila inamwonyesha mtazamaji mtu aliyekuwa naye nyumba moja miaka yote bila ya kumwona.

Ya mwisho ni fupi, na ina jina la Kiswahili. Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, ina kama dakika 20. Watu wamejifungia ndani ya jengo baada ya vita vya maji. Wanazalisha umeme kwa miili yao, wanasafisha jasho na mkojo ili wanywe, wanameza vidonge vya kuzuia ndoto, na wanaambiwa kwamba nje kila kitu kimekufa. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu. Anapanda mbegu ndani yake, ikachipua. Akinyimwa ruhusa ya kutoka, anatoroka kwa msaada wa mwanamke wa kusafisha, akatembea jangwani, akaupanda mche, akaupa maji yake ya mwisho na kuulalia ili mwili wake uwe kivuli. Upungufu wa filamu ni kwamba mazungumzo ni machache kiasi cha watu kubaki sanamu, na msaada wa yule mwanamke unapita haraka kuliko uzito wake. Hata hivyo, filamu hii inasema jambo ambalo hizo nyingine zote zimeliacha: kwamba mtu huweza kuwekwa ndani kwa haki, kisha akabakishwa kwa uongo, na kwamba wajibu wa aliye ndani ni kuendelea kuuliza hali ya nje.

Kwa kipimo kilichowekwa mwanzoni, basi, uchaguzi si baina ya filamu nzito na nyepesi, wala baina ya mpya na kongwe. Awara inapita kwa sababu imejaa watu waliopata kuketi pamoja. Contagion inapita kwa sebule yake, ikaanguka kwa mengine mengi. Rear Window, Hii Si Filamu, Jeanne Dielman na Pumzi zinapita kwa kuwa kila moja inamwacha mtazamaji na mtu mmoja wa kumuulizia: jirani mpweke, mkusanya taka, mwenye jikoni, msafishaji. Aliyetengwa chumbani hawezi kwenda kwao. Lakini anaweza kugonga ukuta, na akamshukuru kwa jina yule aliyeiacha sahani mlangoni.