"Lango" au "Kifyatulio"?

Miongoni mwa istilahi za umeme ambazo yafaa zitazamwe tena ni zile zihusuzo thairista, yaani kifaa cha silikoni kinyooshacho mkondo geu kwa kuamrishwa. Kina ncha tatu: anodi, kathodi na ile ipokeayo amri. Hii ya tatu mfasiri mwepesi huiita "lango", kwa kuwa Waingereza huiita hivyo. Sisi hatuafiki.

Lango hufunguliwa na hufungwa, na mwenye ufunguo ana uwezo wa yote mawili. Ncha hii haina uwezo huo. Ikipewa msukumo mdogo wa mkondo, thairista hupitisha mkondo mkubwa, na msukumo ukiondolewa mkondo ule hauachi mpaka upungue wenyewe hadi karibu na sifuri. Huo si mwenendo wa lango, ni wa mtego. Kijiti huguswa kidogo, mtego ukafyatuka, na aliyeugusa hawezi kuurudisha.

Tena mtego hufyatuka bila kuguswa. Thairista nayo huweza kufyatuka kwa joto, au kwa volti zilizopanda ghafula. Hata ikiwa imetulia huvujisha umeme kidogo. Sasa tumfikirie fundi kijana katika kiwanda cha kuchambua pamba huko Bariadi, makao ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, ambamo mota kubwa huanzishwa polepole kwa thairista. Akiambiwa kwamba "lango limefungwa", kwa nini asishike ncha za mota? Akiambiwa kwamba mtego haujafyatuka, atakwenda kwanza kukata swichi kuu.

Mtengenezaji wa sakiti naye atafaidika. Katika umeme wetu wa hezi 50, nusu ya wimbi huchukua milisekunde 10. Akitaka kufyatua kwenye nyuzi 90, hungoja milisekunde 5 tangu volti zipite sifuri. "Pembe ya kufyatua" yaeleweka mara moja, ilhali "pembe ya lango" humpeleka msomaji kwa seremala. Mota nayo ni mzigo mzito, mkondo wake hukua taratibu; msukumo mfupi mno huisha kabla thairista haijanasa, ikaachia. Ndiyo maana hupewa msukumo mrefu, au mfululizo wa misukumo. Hapa tunapata, bila kuazima popote, "mkondo wa kunasa" na "mkondo wa kushikilia", ambayo ni viwango viwili tofauti, cha kwanza kikiwa kikubwa kuliko cha pili.

Watakuwako wasemao kwamba kufyatua ni neno la bunduki na matofali. Ni kweli, wala halikupungukiwa na heshima kwa hayo.

Neno "lango" lisitupwe. Zipo thairista za namna nyingine ambazo ncha yake ya tatu huweza kuzima mkondo kama iwezavyo kuuwasha. Hizo ndizo zenye lango.