Ganda la Korosho na Pua ya Mbung'o

Anayebangua korosho Msambweni anaujua utomvu wa ganda: mweusi, mzito, ukigusa ngozi unaunguza. Korosho huliwa, ganda huishia jikoni kama kuni. Mimi ganda hilo nalihusudu kwa sababu ya kazi waliyolifanyia wakemia.

Utomvu ukipashwa moto hutoa kabonidioksidi, ikabaki kadanoli: duara la fenoli lenye mkia wa kaboni 15. Katika kadanoli ya bondi maradufu moja, bondi hiyo iko kati ya kaboni ya 8 na ya 9 kuanzia duara, na ndipo wanapokata. Huingiza ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, pamoja na kichocheo cha rutheni. Bondi hufunguka, vipande vikabadilishana wenzi. Duara hubaki na mkia wa kaboni 9, moja ikiwa ya ethilini; zilizokatika huenda zao zikiwa okteni, nayo ni mali. Badiliko hilo huitwa metathesisi. Yves Chauvin alieleza njia yake mwaka 1971, na mwaka 2005 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Robert Grubbs na Richard Schrock.

Ustadi hasa unafuata. Bondi iliyobaki iko nchani mwa mkia. Kichocheo kingine huihamisha, kaboni baada ya kaboni, mpaka ikaribie duara. Ikifika kati ya kaboni ya 2 na ya 3, ethilini hukata tena, zikabaki kaboni 3. Ongeza haidrojeni, umepata propilifenoli.

Harufu ya propilifenoli mbung'o wa Shimba Hills huifuata. Imo katika mkojo wa nyati, kama walivyoonyesha Ahmed Hassanali na wenzake wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, mwaka 1986. Ndiyo maana chupa ya mkojo wa ng'ombe, wenye harufu hiyo pia, huwekwa kando ya mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi. Waliokata mkia ule mara mbili, mwaka 2012, ni Joan Mmongoyo, Quintino Mgani na Stephen Mdachi wa Tanzania, na wenzao wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti. Wangeweza kuanza na petroli. Walichagua taka za shamba letu, wakapata dawa ya kumnasa adui wa mifugo yetu. Kwangu huo ndio ufundi uliokamilika.

Mwalimu wa kemia wa Kwale, ukifika kwenye somo la bondi maradufu, ingia darasani na ganda la korosho.