Chaki ya Archie Moore

Eti orodha ya majina nayo ni sanaa? Ndiyo, bwana! Mwaka 2024, kwenye maonyesho ya Venice, Archie Moore, Mwaborijini wa Kamilaroi na Bigambul, aliiletea Australia Simba wa Dhahabu kwa mara ya kwanza. Katika "kith and kin" kajaza kuta nyeusi majina ya ukoo wake, miaka 65,000, kwa chaki. Penye mauaji na magonjwa kaacha mapengo. Katikati ya ukumbi, mezani, kulikuwa na marundo ya ripoti za Waaborijini waliofia mahabusu. Ripoti zimepigwa chapa. Majina ya ukoo yanafutika kwa kiganja tu. Hapo ndipo panapochoma. Wewe mshairi unayerundika mapambo, jiulize: jina moja mahali pake halitoshi?