Chumbe: Wageni Wachache, Mwamba Mzima

Wazazi wanaowapeleka watoto ufukweni hutaka kujua mambo mawili: maji yana usalama gani, na kuna nini cha kutazama. Kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar, kinawatosheleza kwa yote mawili, maana matumbawe yake yako karibu na uso wa maji kiasi kwamba mtoto aliyevaa miwani huyaona bila kuzama. Mimi nataka kuchambua jambo la tatu ambalo wageni wachache huliuliza. Watu wamekuwa wakija kuogelea juu ya mwamba huu tangu 1998, msimu baada ya msimu. Imekuwaje mwamba ungali hai?

Nionavyo, siri iko kwenye idadi. Kabla ya kuchimba msingi wowote iliamuliwa kisiwa kinaweza kubeba watu wangapi, kisha nyumba, maji, mashua na bei vikafuata uamuzi huo. Sehemu nyingi za mwambao wetu huanza na nyumba, na hesabu ya bahari huja baadaye, bahari ikishachoka.

Chumbe ni jiwe la tumbawe lenye ukubwa wa hekta 22 hivi, limefunikwa na msitu, halina kisima wala chemchemi. Mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904 ungalipo, na kwa miaka mingi mlinzi wa taa ndiye aliyekuwa mkazi wa pekee. Upande wa magharibi iko njia ya meli ziendazo Dar es Salaam, kwa hiyo uvuvi wa mitumbwi na ngalawa haukuwa mkubwa pale. Hali hiyo ilikuwa na thamani kubwa kwa Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi za maendeleo Tanzania, alipotafuta mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwamba wa kuhifadhi. Alihitaji mahali ambapo ulinzi usingemnyang'anya mvuvi riziki yake. Hifadhi nyingi za bahari hushindwa hapo hapo mwanzoni, kwa kuchora mpaka juu ya dago la watu halafu kushangaa kwa nini mpaka hauheshimiwi.

Tarehe 24 Desemba 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa magharibi kuwa hifadhi, na kampuni aliyoianzisha Riedmiller, Chumbe Island Coral Park (CHICOP), ikapewa jukumu la kuusimamia pamoja na msitu. Ardhi iliyokodishwa kwa ujenzi ilikuwa sehemu ndogo tu ya kisiwa. Vibali vilikwenda taratibu mno, na gharama zikapanda hadi kufikia takriban dola milioni 1 kabla biashara haijaanza. Hatimaye zikasimama bungalo 7. Wageni wanaolala hawafiki 20 kwa usiku mmoja, na wale wa kutwa hupokelewa siku ambazo vyumba havijajaa.

Kila bungalo inajitegemea kwa maji. Paa pana la makuti limeinamishwa ili mvua iteremke kwenye mifereji, ichujwe, kisha iingie kwenye tangi lililojengwa chini ya sakafu. Masika ndiyo hulijaza, na familia ya mwezi wa Januari huoga maji yaliyonyesha miezi kadhaa nyuma. Maji hayo husukumwa kwa pampu ya mkono, na jua huyapasha moto. Yakishatumika hayamwagwi nje. Huenda kwenye kitalu cha mchanga na kokoto kilichopandwa mimea inayopenda maji na mbolea, mizizi ikafyonza mabaki ya sabuni na chakula kabla hayajafika baharini.

Vyoo havivuti maji kabisa. Ni vya kutengenezea mboji: baada ya haja mtu hutupia gao la majani makavu na udongo, hewa hupita chini, na taka huoza polepole ndani ya chumba kisichovuja. Wageni wengine hushtuka wakisikia habari hii, ingawa choo hakina harufu wanayoihofia. Sababu yake iko kwenye jiwe lenyewe. Jiwe la tumbawe limejaa matundu. Shimo la choo la kawaida, ukilichimba hatua chache kutoka ufukweni, uchafu wake hujipenyeza mpaka baharini bila mtu kuuona. Uchafu huo ni mbolea, na mbolea hulisha mwani. Mwani ukistawi huyafunika matumbawe, yakakosa mwanga na nafasi, yakafa. Ndiyo maana namshauri anayetaka kujua kama hoteli ya ufukweni inaijali bahari aache kutazama picha za samaki kwenye tangazo, aulize maji ya chooni yanakwenda wapi.

Tukiingia baharini, utaratibu ni wa makusudi vilevile. Mashua hufungwa kwenye maboya ya kudumu. Nanga haitupwi, maana nanga moja ikiburuzwa huvunja kwa dakika tumbawe lililokua kwa miaka mingi. Kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa hakuruhusiwi kwa wageni. Hiyo ni ya utafiti. Mgeni huelea juu na kipumulio, akiongozwa na mtu anayeujua mwamba. Mwenye hofu na mtoto hupewa boya la kushika, na mwongozaji hulivuta polepole. Kanuni kuu ni mwili ulale kifudifudi juu ya maji, miguu isiteremke. Matumbawe mengi yanayovunjwa na waogeleaji huvunjwa na mtu aliyechoka akatafuta pa kusimama, au aliyeshtuka akapiga mapezi kuelekea chini. Mtoto aliyefundishwa kwanza kwenye maji ya kina kifupi yenye mchanga, akazoea kupumua kwa mdomo kabla ya kupelekwa juu ya mwamba, hafiki kwenye hali hiyo. Mafunzo hayo mafupi ya ufukweni yanaukinga mwamba kuliko kibao chochote cha onyo.

Na kule chini kuna nini? Zimeorodheshwa zaidi ya aina 400 za samaki na zaidi ya aina 200 za matumbawe magumu, kiasi cha juu sana kwa eneo dogo namna hii. Lakini kwa mtoto ningechagua samaki mmoja tu wa kumfuata kwa macho: pono. Ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Ukitulia husikia ndani ya maji mlio wa kukwaruza, kr-kr-kr, akiguguna mwani juu ya jiwe la tumbawe. Jiwe analomeza husagika ndani yake, na baada ya muda mfupi utaona akiachia nyuma wingu jeupe linalotawanyika. Huo ni mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa fukwe za matumbawe hutengenezwa hivyo. Pono akivuliwa akaisha, mwani hukosa wa kuupunguza. Mtoto aliyeiona kazi hiyo mwenyewe hahitaji hotuba kuhusu hifadhi.

Anayelinda yote haya ni nani? Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani waliofundishwa kazi mpya. Hawabebi silaha. Mvuvi akivuka mpaka humfuata kwa mashua, wakazungumza kama watu wa bahari moja, wakamweleza kuwa samaki wanaozaliana ndani ya hifadhi hutoka na kuingia kwenye nyavu za nje, kisha tukio likaandikwa. Hao hao huwaondoa kwa mkono viti vya pweza wenye miiba, wanaokula matumbawe wanapozidi idadi. Mshahara wao hutoka kwenye zile bungalo 7, na hapo ndipo fundo lote lilipofungwa: kitanda cha mgeni kinalipa doria ya baharini.

Nchi kavu nako kunahitaji jicho. Mwaka 1997 panya weusi walioletwa na vyombo waliteketezwa kisiwani. Paa nunga, mmoja wa wanyama adimu kabisa wa Unguja, waliletwa wapate maficho. Usiku hutoka kaa mkubwa anayeishi nchi kavu na kupanda miti, jamaa wa kaa duvi, ambaye kucha zake zina nguvu za kuvunja nazi na uzito wake unaweza kufika kilo 4. Katika maeneo mengi ya dunia ameliwa hadi kuisha. Njia za Chumbe hazina taa, mgeni hupewa tochi, na sababu mojawapo ni yeye na wenzake wa gizani. Familia ikitoka baada ya chakula cha usiku, ikatembea kimya nyuma ya mwongozaji, inaweza kumkuta shinani mwa mti.

Mfumo huu una udhaifu, na ni haki kuutaja. Utalii ukikauka, kama ulivyokauka 2020 wakati wa korona, mapato hukatika lakini doria haiwezi kusubiri. Joto la bahari nalo halijui mpaka. Mwaka 1998, mwaka ule ule wa kufungua milango, matumbawe ya Bahari ya Hindi yalipauka kwa wingi, na 2016 yakapauka tena. Mwamba wa Chumbe ulijeruhiwa. Mwamba usiovunjwa na nanga wala kumezwa na mwani huwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona, ila hakuna mlinzi anayeweza kuyapooza maji.

Kisha kuna bei. Kulala usiku mmoja pale hakuwezwi na familia nyingi za Unguja na Pemba, na jambo hili linaniuma. Kisiwa kinapunguza pengo hilo kwa safari za wanafunzi, zilizokwishawafikisha maelfu ya watoto wa shule, wakiwemo wasichana ambao hawakuwa wamewahi kutia uso majini. Mitaala ya shule ilikuwa haigusi matumbawe kabisa wakati mradi unaanza, ilhali watoto hao wanaishi juu yake. Bado safari hizo ni za darasa. Baba, mama na watoto wa mtaa wa Mwanakwerekwe, Unguja, kwenda pamoja kutazama bahari yao ni jambo ambalo halijapatiwa ufumbuzi.

Si lazima kila mwamba uwe Chumbe. Asubuhi za msimu wa wageni kule kwenye kisiwa cha Mnemba, mashua zimekuwa zikirundikana mahali pamoja na waogeleaji wakigongana. Kule hakuhitajiki bungalo. Kunahitajika maboya ya kutosha, ukomo wa vyombo kwa saa, na manahodha wanaokubaliana kuusimamia ukomo huo, kwa sababu wao ndio watakaokosa kazi mwamba ukifa. Wenye mamlaka wakianza na mambo hayo matatu, watakuwa wameanza pale pale Chumbe ilipoanzia.

Nawe mzazi unayepanga safari, popote utakapokwenda, mvalishe mtoto shati la mikono mirefu la kuogelea badala ya kumpaka mafuta ya jua mwili mzima. Baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru matumbawe, na jimbo la Hawaii limepiga marufuku uuzaji wa aina mbili tangu 2021. Mfundishe kuelea kwenye mchanga kwanza. Na kabla ya kulipa, muulize mwenye mashua kama anatupa nanga.