Kujenga Ndani ya Mchezo Mkongwe

Miongoni mwa kazi za ufundi zilizozaliwa pamoja na kompyuta za nyumbani, iliyonyimwa heshima yake kuliko nyingi ni kazi ya kutunga modi, yaani kuuchukua mchezo wa video uliokwisha kutengenezwa na watu wengine na kuubadilisha, kwa kuuongezea ramani, sura, sauti au kanuni mpya, hadi useme jambo ambalo waundaji wake hawakulisema. Mtunzi wa modi kwa kawaida halipwi, hamiliki mchezo anaoufanyia kazi, na mara nyingi hata jina lake halisi halijulikani kwa wanaoicheza kazi yake. Mchezo unapokuwa umezeeka, swali la kama inafaa kuanza kazi hiyo sasa, miaka ishirini au thelathini baada ya mchezo kutoka, huwa zito zaidi, na wengi hulijibu kwa kuhesabu wachezaji waliobaki. Hesabu hiyo haimfikishi mtu popote. Swali la fundi ni jingine: je, kitu kinachotakiwa kujengwa kinaweza kukaa ndani ya mchezo huu, na je, mchezo wenyewe utakipa nguvu au utakidhoofisha?

Mchezo unaofaa kuliko yote kulichunguzia swali hili ni Doom, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani tarehe 10 Desemba 1993. John Carmack, aliyeandika injini yake, yaani sehemu ya programu inayochora picha na kusimamia kanuni za mchezo, aliitenga injini hiyo na data; ramani, picha na sauti zote ziliwekwa katika faili la aina iitwayo WAD, kiasi kwamba mtu mwingine angeweza kuandaa faili lake dogo na kulitanguliza mbele ya lile la asili bila kuliharibu. Mwaka 1994 ulikuwa haujafika mbali kabla mashabiki hawajaunda programu ya kuhariri ramani iitwayo DEU, na mwaka huohuo ikatoka Aliens TC, modi iliyobadilisha karibu kila kinachoonekana na kusikika katika mchezo. Mnamo Desemba 1997 Carmack alitoa msimbo chanzo, ambao ni maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji wenyewe, na mwaka 1999 msimbo huo ukawekwa chini ya leseni huria ya GPL, inayomruhusu yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Kwa sababu hiyo Doom huendelea kuendeshwa kwenye kompyuta za kila kizazi, na jambo hili ni faida kubwa kwa mtunzi kuliko inavyodhaniwa: mchezo mpya husasishwa kila mara, na modi iliyofanya kazi jana huweza kuharibika leo, ilhali mchezo mkongwe umetulia, tabia zake zote zimechunguzwa na kuandikwa, na kinachojengwa juu yake hakitaondolewa msingi.

Uzuri wa ufundi wenyewe, hata hivyo, hauonekani mpaka mtu ausogelee. Ramani ya Doom hutengenezwa kwa nukta, kwa mistari inayounganisha nukta hizo, na kwa sekta, yaani maeneo yaliyozungukwa na mistari, ambayo kila moja lina kimo kimoja cha sakafu, kimo kimoja cha dari na kiwango kimoja cha mwanga kati ya 0 na 255. Mchezaji ana kimo cha vizio 56, na anaweza kupanda kidato kisichozidi vizio 24. Mtunzi akiinua sakafu kwa vizio 24 amejenga ngazi. Akiinua kwa vizio 25 amejenga ukuta. Lakini ukuta huo ni wa upande mmoja tu, kwa maana anayetoka juu anaweza kujiangusha chini bila shida, kisha akigeuka anakuta njia ya kurudi imefungwa, ingawa hakuna mlango uliojifunga wala neno lililosemwa. Zaidi ya hayo, mazimwi ya mchezo huu yatembeayo kwa miguu hayakubali kushuka mteremko wa ghafla unaozidi vizio 24, hivyo yale yaliyokuwa yakimfukuza mchezaji hubaki ukingoni yakimrushia moto kutoka juu. Kizio kimoja, ambacho jicho haliwezi kukitambua kwenye skrini ya nukta 320 kwa 200, kimeamua ni nani anaweza kurudi nyuma, ni nani anaweza kufuata, na hofu itatoka upande gani. Anayeweza kutunga hali ya namna hiyo kwa kuandika tarakimu moja mahali pa nyingine ni msanii, na hakuna sababu ya kusita kulitumia neno hilo.

Mipaka ya injini hufanya kazi hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Programu ya asili ilitengewa nafasi ya vipande 128 tu vya sakafu na dari vinavyoweza kuonekana kwa wakati mmoja, na mchezaji akisimama mahali ambapo macho yake yanaona zaidi ya hapo, mchezo husimama na kujifunga. Kwa hiyo mtunzi hulazimika kufikiria si kile kilichopo tu bali kile kinachoonekana kutoka kila mahali: hukunja ujia, huteremsha dari juu ya kizingiti, huinua ukingo wa dirisha, ili bustani ionekane kwa sehemu na ukumbi wa nyuma yake ufichike hadi utakapofikiwa. Msomaji aliyezoea tarbia ya mizani kumi na sita, yenye kina cha kati na kina cha mwisho, hatahitaji kuelezwa kwa nini kikwazo cha namna hii huweza kuzaa kauli ambayo uhuru mtupu usingeizaa. Ndiyo maana hadi leo kuna watunzi wanaochagua kwa hiari kufuata mipaka ya mwaka 1993, na wanaoijaribu kazi yao kwa Chocolate Doom, programu iliyotengenezwa makusudi kuiga mchezo wa asili pamoja na mapungufu yake.

Basi uamuzi huanzia hapo, na mfano wa pwani ya Afrika Mashariki unaweza kuuweka wazi. Tuseme mtunzi anatamani kuijenga Lamu ndani ya Doom. Vichochoro vyembamba vilivyopinda, vyenye kuta ndefu na kona zinazomficha anayekuja, vinaikubali injini hii kana kwamba viliandaliwa kwa ajili yake; madaka ya kuingilia majumbani na zidaka za ukutani zinajengeka kwa sekta ndogondogo; jua kali la kichochoroni na kiza cha ndani ya ukumbi vinapatikana kwa kupishanisha viwango vya mwanga. Lakini wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, hakijengeki kabisa katika mchezo wa asili, kwa kuwa mahali pamoja hapawezi kuwa na sakafu mbili, ya chini ya wapita njia na ya juu ya wenye nyumba. Ikiwa roho ya kazi inayokusudiwa ni vichochoro, mtunzi ana kila sababu ya kuendelea. Ikiwa ni wikio, ajue mapema kwamba anahitaji injini ya baadaye iliyotokana na msimbo ule, kama GZDoom, ambayo inaruhusu sakafu juu ya sakafu, au ahamie mchezo mwingine kabisa. Vifaa si kizuizi, kwani mchezo ambao mwaka 1993 uliridhika na kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 4 hautaishinda kompyuta ya mtumba ya leo, na mradi wa Freedoom umetengeneza data huria inayomwezesha mtu kuanza bila kununua chochote.

Zipo sababu za kweli za kuacha. Iliyo nyepesi ni ya kisheria: anayejenga kwa wahusika na picha za filamu za wengine hujenga kwenye kiwanja cha watu, na mwaka 1997 kampuni ya filamu ya Fox iliwalazimisha watunzi wa modi iliyotumia viumbe vya Alien katika mchezo wa Quake kuisimamisha kazi yao. Iliyo nzito zaidi ni ukubwa wa ndoto. Modi nyingi hazikufa kwa kukosa wachezaji. Zilikufa kwa sababu zilitangazwa kuwa na ramani thelathini kabla ramani ya kwanza haijachezeka, na kazi ya miezi ya watu wenye vipaji ikabaki kuwa orodha ya ahadi. Umaarufu nao usiwekwe kwenye mizani. Ni kweli kwamba mwaka 1996 id Software ilitoa Final Doom, ambayo nusu yake ilikuwa kazi ya kundi la mashabiki la TeamTNT, na nusu nyingine, Plutonia, ilitungwa na ndugu wawili, Dario na Milo Casali. Lakini tukio la namna hiyo ni la nadra, na anayelisubiri atachoka kabla ya kumaliza. Ushahidi bora wa thamani ya kazi hii unatoka kwa mtu asiyehitaji tena kujulikana: John Romero, mmoja wa waundaji wa Doom, aliurudia mchezo wake mwaka 2016 kwa ramani mbili, kisha mwaka 2019 akatoa SIGIL, yenye ramani tisa za mchezaji mmoja, akazigawa bure.

Kwa hiyo anayesitasita na aanze na chumba kimoja na ujia mmoja, bila kutangaza chochote. Akiendeshe katika injini aliyoichagua, kisha ampe mtu mwingine akicheze, naye akae nyuma yake kimya, atazame anaposimama, anapogeuka na anapopotea. Na akishaona kwamba chumba hicho kinasema alichokikusudia bila yeye kufungua kinywa, ndipo achore cha pili.