Urithi wa Kiwanda cha Korosho Kilifi Uko Wapi?

Zamani gunia la korosho la Marafa lilijua linakokwenda. Lilipimwa kwenye ushirika, likapakiwa lori, likapita Malindi na kushuka hadi mjini Kilifi, kwenye kiwanda cha Kenya Cashewnuts kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kiwanda kilikuwa kimekufa. Kila linapozuka suala la kukihifadhi, husemwa habari za paa, kuta na kiwanja. Kwangu mimi, thamani ya kiwanda cha aina hii ni kazi iliyofanyika ndani yake, na kazi hiyo ndiyo inayosahaulika upesi.

Korosho ni zao kaidi. Katikati ya tabaka mbili za ganda lake mna vijishimo kama vya sega la nyuki, vimejaa mafuta mazito yanayobabua ngozi. Anayezikaanga nyumbani analijua hilo vizuri: bati lililotobolewa juu ya moto, moshi unaowasha macho, kisha ganda kulipuka na kuwaka. Humwagia mchanga kuuzima moto, akapaka mikono majivu ndipo aanze kugonga moja moja.

Viwanda vikubwa vya enzi hiyo viliyageuza mafuta hayohayo kuwa chombo cha kazi. Korosho zilizokaushwa ziliroweshwa kidogo ili ganda linywe maji, kisha zikapitishwa kwa dakika moja na nusu hivi katika birika la mafuta ya ganda yenye joto la nyuzi 190 hadi 200. Maji yaligeuka mvuke, yakapasua vile vijishimo, na mafuta yakatoka kuungana na yaliyomo birikani. Birika lilijijaza lenyewe, na ziada ikauzwa kwa watengenezaji wa rangi na breki za magari. Baada ya hapo korosho zilizungushwa kwa kasi kukamua mafuta yaliyobaki, zikapasuliwa, viini vikakaushwa kwa joto la nyuzi 70 hivi ili utando ulegee, vikamenywa na kupangwa kwa madaraja. Daraja la W320 ni viini vizima vyeupe visivyozidi 320 katika ratili moja.

Ukizijua hatua hizi, jengo linasomeka. Ghala la korosho ghafi lazima liwe kavu na lipitishe hewa. Chumba cha birika kinahitaji bomba la moshi na sakafu inayostahimili mafuta. Ukumbi wa kumenya na kuchambua unataka mwanga mwingi, maana kosa la jicho pale ni hasara ya daraja. Ng'oa mashine bila kuchora zilipokaa, na utakachobakiza ni bohari tu.

Mashine nazo zilikuwa na udhaifu wake. Zilivunja viini vingi kuliko mkono, na bei ya korosho iko kwenye kiini kizima. Ndiyo maana India ilishikilia kazi ya mikono kwa muda mrefu. Tanzania ilijenga viwanda vingi vya mashine huku mavuno yakiporomoka, kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 mwaka 1986/87. Vingi vilikaa bure. Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha korosho ghafi mwaka 2009, kiwanda cha Kilifi kilikuwa kimelala zaidi ya miaka kumi.

Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, ndiyo yanayonisikitisha zaidi. Tunda likidondoka huanza kuchacha ndani ya siku moja, kwa hiyo mengi huozea chini ya mkorosho. Kule Brazil, ulikotoka mti wenyewe, watu wa jimbo la Piauí huchuja maji ya bibo hadi ukakasi utoke, wakayatia chupani na kuzichemsha chupa ndani ya maji mpaka kinywaji kiwe na rangi ya asali. Hicho ni cajuína, kinywaji kisicho na kileo, na mwaka 2014 Brazil iliandikisha utengenezaji wake kuwa urithi wa taifa. Kilichoandikishwa ni ufundi, si jengo.

Sheria yetu ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo litangazwe kulindwa kupitia Gazeti la Serikali. Tangazo peke yake halitoshi. Makumbusho ya Taifa na Kaunti ya Kilifi wawatafute mafundi wa birika na akina mama waliomenya korosho, watembee nao humo ndani, na kila mmoja aonyeshe aliposimama na alichokifanya. Wengi wao sasa ni wazee. Kazi hii ianze mwaka huu.